Sura ya Tano: Majirani wa Simba

Mtu akisimama Silanga, pale Kibera inapoteremka hadi Bwawa la Nairobi, na kutazama kusini, ataona mapaa ya Lang'ata na ndege ndogo zikishuka kutua Wilson. Nyuma ya uwanja huo wa ndege kuna ua wa nyaya za umeme, na ndani ya ua wanaishi simba, chui, nyati, vifaru weusi, twiga, pofu na pundamilia. Kutoka Silanga hadi hapo ni kilomita chache. Vibarua wengi wa Kibera hutembea mwendo kama huo au zaidi kila alfajiri, wakienda eneo la viwanda kusubiri kuitwa kazini. Kawangware iko mbali kidogo, upande wa magharibi, lakini hata mkazi wake anahitaji matatu mbili tu ili afike.

Pamoja na ukaribu huo, ni rahisi kumpata mtu mzima aliyezaliwa Laini Saba au Gatina ambaye hajawahi kumwona simba isipokuwa kwenye runinga na kwenye noti. Wanaomwona ni wageni. Kampuni za utalii zina ratiba ya siku moja inayojulikana mjini kote: alfajiri mbugani, saa tano kwa ndovu yatima, mchana kwa twiga, na katika baadhi ya ratiba hizo, jioni ni matembezi ndani ya Kibera. Kwa hesabu hiyo, Mkenya wa Kibera anawekwa upande wa vitu vya kutazamwa, na nafasi ya mtazamaji inabaki kwa aliyetoka ng'ambo.

Sura hii inaigeuza ratiba hiyo. Inaanzia Kibera na Kawangware na kutoka nje, kwa matatu, kwa boda boda na kwa miguu, kuelekea mbugani, misituni, mtoni na milimani. Nia yangu ni kukuonyesha njia, na pia kukushawishi kwamba kuzijua sehemu hizi ni haki yako, na kwamba bila wewe hazitadumu.

Ua ulivyojengwa

Reli ya Uganda ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Karakana zilijengwa, mahema yakageuka nyumba, na mji ukachipuka katikati ya makundi ya nyumbu na pundamilia. Simba hawakuwa hadithi kwa watu wa wakati ule. Kwenye Makumbusho ya Reli jijini bado kuna behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Reli hiyohiyo ndiyo inayopita katikati ya Kibera hadi leo, na kina mama wakiuza samaki na mboga kando yake.

Kibera yenyewe ilianza kama ardhi ya askari. Wanubi waliopigana katika jeshi la King's African Rifles walipewa makazi penye vichaka na miti magharibi ya mji, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza zaidi ya ekari 4,000 pale kuwa eneo la jeshi. Kawangware ilikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti. Mji ulipokua ulimega pande zote mbili. Wanubi walipopata hatimiliki ya pamoja mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Upande wa kusini, nyika iliyokuwa malisho ya Wamaasai na ya wafugaji wa Kisomali ilikuwa ikipungukiwa na wanyama. Mervyn Cowie, mhasibu aliyezaliwa Nairobi, alipigania itengwe. Serikali ilipomsikiliza bila kutenda, aliandika barua gazetini kwa jina la kubuni, akijifanya mlowezi mkongwe anayetaka wanyama wote wauawe. Barua ile iliwachoma watu, wakapiga kelele, na mambo yakaanza kusonga. Desemba 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa, ya kwanza nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117. Wafugaji wakahamishwa.

Ili kuitembelea ilikuwa lazima uwe na gari. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande popote alipokwenda mjini, na katika mazingira hayo yeye alifika mbugani kama mfanyakazi, kufyeka njia au kulinda lango. Sheria ya kipande ilikwisha zamani, lakini sharti la gari bado lipo, na mazoea ya kudhani kwamba mbuga ni ya watu wengine yamerithiwa kimyakimya. Shule ndizo zilizofanya mengi kuyavunja. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vya wanyamapori vilivyosambaa nchi nzima, na kwa watu wengi wa rika la wazazi wetu, simba wa kwanza alionekana kupitia dirisha la basi la shule.

Lango la Barabara ya Lang'ata

Kutoka Kibera unaweza kufika lango kuu kwa matatu yoyote inayopita Barabara ya Lang'ata, ikiwemo ya namba 24 ya Karen na zile za 125 na 126 za Rongai. Kutoka Kawangware, wengi hupanda 46 hadi mjini kisha wakachukua ya Lang'ata. Wengine hukatiza kwa boda boda kupitia Ngong Road ili wasizunguke.

Ukifika, jua kwamba kuna mambo matatu tofauti nyuma ya lango, kila moja na tiketi yake. La kwanza ni kituo cha wanyama yatima, kilichofunguliwa miaka ya 1960, ambako hutunzwa wanyama waliojeruhiwa au kupoteza mama zao. La pili ni Nairobi Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi inayopita penye nyasi, kinamasi na msitu, huku ukimwona duma, kifaru, kiboko mbilikimo na ndege wengi ukiwa kwa miguu yako. Kwa familia isiyo na gari, hizi mbili ndizo pa kuanzia.

La tatu ni mbuga yenyewe, na humo hutembei kwa miguu isipokuwa katika vituo vichache vilivyowekwa, kama vile Hippo Pools, ambapo mlinzi mwenye bunduki hukusindikiza kando ya Mto Mbagathi kutafuta viboko. Hapa ndipo chama, kanisa au kikundi cha vijana kinapoonyesha faida yake. Watu wakichanga na kukodi matatu au basi kwa siku nzima, ada ya gari na mafuta hugawanyika, na kila mmoja hubaki na gharama anayoweza kuibeba. Makundi mengi ya Kibera tayari yanajua kuchangia harusi, matanga na karo, na mpango wa kuchangia mandari ni uleule.

Ingieni mapema. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za kwanza ndizo bora, kwa kuwa simba hutembea kabla jua halijawa kali na kisha hulala kwenye nyasi ndefu wasionekane. Anzieni penye msitu wa magharibi, mahali pa pongo, kisha teremkeni hadi nyanda za wazi za mashariki. Huko utawaona kongoni, swala granti, mbuni na karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu anayewinda nyoka akitembea. Aina zaidi ya 400 za ndege zimeorodheshwa katika mbuga hii. Vifaru weusi wanafanya vizuri hapa kuliko mahali pengi nchini, hata wengine hutolewa kwenda kujaza mbuga nyingine. Ndovu huwakuti wakizurura, kwa sababu eneo ni dogo mno kwao.

Simameni pia penye jivu. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto kwenye tani 12 za pembe za ndovu mahali hapo, ili kuuambia ulimwengu kwamba Kenya haitauza tena. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105 palepale. Ni somo la historia ambalo mtoto wa darasa la sita akiliona kwa macho hahitaji kukariri.

Upande usio na ua

Mbuga ina ua wa umeme kaskazini, magharibi na mashariki. Kusini iko wazi. Ng'ambo ya Mto Mbagathi kuna nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti, na kwa miaka mingi nyumbu walitawanyika huko wakati wa mvua na kurudi mtoni kiangazi kilipobana. Uhamaji huo ulikuwa wa makumi ya maelfu ya wanyama. Sasa Kitengela imejaa mawe ya mipaka, viwanda na nyumba za kupanga, na nyumbu wanaopita ni wachache sana.

Simba nao hubanwa. Februari 2016 baadhi yao walitoka na kuonekana Lang'ata, na jiji likapata hofu. Mwezi uliofuata simba dume maarufu aliyeitwa Mohawk alifika Isinya, watu wakamzunguka, naye alipomjeruhi mmoja wao askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Wakenya wengi waliomboleza mitandaoni, na wengi wa walioomboleza hawakuwa na ng'ombe wa kuliwa.

Aliyekuwa na ng'ombe ni Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyeishi ukingoni mwa mbuga. Akiwa na miaka 11, kazi yake ilikuwa kulinda zizi la baba yake, na aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, taa za tochi mbovu na kifaa cha indiketa cha pikipiki, akazifunga kuzunguka zizi ziwake na kuzimika kwa zamu, mithili ya mtu anayetembea na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alieleza ubunifu wake Marekani kwenye jukwaa la TED, na taa hizo zimeenea katika boma nyingi. Mbuga ilipata msaada mkubwa kutoka kwa mtoto aliyeishi nayo, aliyekuwa na sababu zote za kuichukia.

Ndovu saa tano, twiga mchana

Ukishuka kwenye Barabara ya Magadi, kwa matatu za Rongai, utafika lango la Mbagathi ambako ndovu yatima hulelewa. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Kabla yake ndovu mchanga aliyepoteza mama alikuwa hana matumaini, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yalimwua. Daphne alihangaika miaka mingi hadi akapata mchanganyiko ambao tumbo la ndovu mchanga linaustahimili.

Wageni huingia kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Ndani ya saa hiyo utaona ndovu wadogo wakija mbio kwenye chupa za maziwa, kisha wakigaagaa matopeni. Wapo wanaofika kwa sababu ya ujangili, wengine kwa ukame, wengine baada ya kutumbukia visimani. Walezi wao ni Wakenya wanaolala nao zizini usiku, maana ndovu mchanga akiachwa peke yake hudhoofika kwa huzuni. Wakikua hupelekwa Tsavo au Kibwezi, wazoee pori taratibu, na baadaye wengine hurudi kuwaonyesha walezi watoto waliowazaa porini. Mpeleke kijana anayetafuta kazi ya maisha akawasikilize walezi hao wakieleza kazi yao.

Twiga wako Karen. Panda 24, ushuke Hardy, umalizie kwa boda boda. Jock na Betty Leslie-Melville walianza kwa kuwaokoa twiga wa Rothschild, ambao katika miaka ya 1970 walibaki zaidi kidogo ya mia nchini, wengi wao kwenye shamba moja la Soy lililokuwa likigawanywa. Kituo kilifunguliwa kwa umma mwaka 1983, na tangu mwanzo lengo lake kubwa lilikuwa kuwafundisha watoto wa shule. Mwalimu wa Kibera au Kawangware anayesoma hapa na aandike barua kuuliza juu ya ziara za wanafunzi. Ng'ambo ya barabara kuna kipande cha msitu chenye njia ya kutembea, na watu wengi huondoka bila kukiona.

Mto unaopita kando ya Kawangware

Mkazi wa Kawangware ana safari yake ya kipekee, na haina haja ya kuvuka jiji. Apande matatu ya Kikuyu kupitia Dagoretti, ashuke karibu na kinamasi cha Ondiri. Hapo ndipo chemchemi ya Mto Nairobi ilipo. Kinamasi hiki ni cha ajabu: mimea imeshikana juu ya maji hadi ikawa zulia linaloelea, na ukiikanyaga ardhi hutikisika. Korongo taji hutua hapo, na asubuhi milio yao husikika kutoka mbali. Usiingie katikati bila mwenyeji, kwa kuwa chini ya zulia hilo maji ni ya kina kirefu.

Maji ya Ondiri ni safi. Yakishafika ukingoni mwa Kawangware yamekwisha kubeba mifuko na maji ya vyoo. Kule Kibera, Mto Ngong unateremka kutoka upande wa Dagoretti, unapita msituni, unaingia vijijini, kisha unafika kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1953. Wazee wanakumbuka mashua za tanga juu ya bwawa hilo. Sasa limejaa gugu maji na mchanga. Mito hiyo miwili huungana mashariki mwa jiji, ikaingia Mto Athi, ikapita Maporomoko Kumi na Manne karibu na Ol Donyo Sabuk, ikaitwa Galana ndani ya Tsavo Mashariki, na mwishowe Sabaki inapomwaga baharini kaskazini ya Malindi. Ndovu wa Tsavo hunywa maji ya Galana. Anayezuia taka zisiingie mtoni Gatwekera au Kabiro analinda wanyama wa kilomita mamia kutoka kwake, na vikundi vya vijana wanaosafisha kingo za mito hii wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wahifadhi wa nchi.

Kwa siku ya mapumziko ya karibu zaidi, kuna Arboretum, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ipi ingekua haraka kuwa kuni za garimoshi, na leo hekta zake 30 zina aina zaidi ya 300 za miti. Tumbili ni wengi. Ada ni ndogo, na kutoka Kawangware wapo wanaofika kwa miguu kupitia Lavington na Kileleshwa, njia wanazozijua kwa sababu ndizo za kwenda kazini.

Msitu wa Ngong na milima yake

Mwaka 1932 Msitu wa Barabara ya Ngong ulitangazwa rasmi, ukiwa na karibu hekta 2,900. Chini ya nusu imebaki. Mitaa, taasisi na uwanja wa mbio za farasi vilichukua sehemu zao, kisha Southern Bypass ikapasua kati. Kilichobaki ni msitu wa kweli wa asili, wenye mihugu migumu ambayo wachonga vinyago huitamani, na ndani yake wapo pongo, nungunungu, fisi wachache na ndege wa kila rangi. Ndio msitu wa Kibera kwa ujirani na kwa historia.

Nendeni kwa kikundi, mjiandikishe langoni na kuomba askari wa msitu awasindikize. Msitu huu umewahi kuwa maficho ya wahalifu, na tahadhari hiyo bado inafaa. Dawa ya kudumu ni watu wengi kuutumia kwa heshima, kama Karura inavyoshuhudia.

Karura, kaskazini ya jiji, ilikuwa ikigawiwa wajenzi katika miaka ya 1990. Wangari Maathai na wenzake waliingia kupanda miche, na Januari 1999 walishambuliwa langoni, naye akajeruhiwa kichwani. Hawakurudi nyuma. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ulibaki, yeye akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na miaka michache baadaye majirani walishirikiana na Shirika la Misitu kuuzungushia ua, kuajiri vijana wa vijiji vya karibu kuwa maskauti na kufungua njia za kutembea. Wakati fulani mtu aliogopa hata kupita kando yake. Sasa familia hujaa humo kila Jumapili, kwenye maporomoko na mapango, na ukijaribu kumega ekari moja utasikia kelele za jiji zima.

Kwa milima ya Ngong, panda 111. Watu wa Kibera huipata Ngong Road karibu na soko la Toi, na wa Kawangware Dagoretti Corner. Kutoka mji wa Ngong, boda boda itakufikisha kwenye lango la msitu. Utatembea juu ya mgongo wa mlima, kilele baada ya kilele, hadi Lamwia penye mita 2,460. Mitambo ya upepo inazunguka pale tangu 1993. Mashariki utaliona jiji lote, na magharibi ardhi inadidimia ghafla kuwa Bonde la Ufa, huku Suswa na Longonot vikisimama mbele yako. Wenye nguvu huendelea hadi Kona Baridi na kurudi kwa njia ya Magadi. Nyati hukaa kwenye vichaka vya miteremko, kwa hiyo msindikizaji ni muhimu hapa pia.

Mbali kidogo, bila gari

Kama unataka kuwa miongoni mwa wanyama bila kioo cha gari kati yenu, nenda Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mbuga hii ya kilomita za mraba 68 ilitangazwa mwaka 1984 na inaruhusu kutembea na kuendesha baiskeli. Panda matatu ya Naivasha alfajiri, shika njia ya ziwani, kodi baiskeli kwenye makutano, na saa moja baadaye utakuwa ukipita kando ya pundamilia, ngiri na twiga, chini ya majabali mekundu. Humo humo kuna Olkaria, ambako tangu 1981 mvuke wa ardhini hugeuzwa umeme. Balbu inayowaka Kawangware inapata sehemu ya nguvu zake hapo.

Onyo moja: mvua ikitishia, usishuke korongoni. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini humo. Maji huteremka kutoka mvua iliyonyesha mbali, hata juu yako kukiwa na jua.

Maandalizi

Ada hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hiyo beba kitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ukiweza. Angalia bei siku chache kabla, maana hubadilika. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani wala misituni, basi chapati na ndengu ziende kwenye bakuli lenye kifuniko, na maji kwenye chupa ya kudumu. Msiwape tumbili chakula. Tumbili aliyezoea mkate huanza kunyang'anya, na mwisho wake ni kuuawa. Vaeni viatu vilivyofungwa na sweta, kwa kuwa baridi ya Ngong Julai haina huruma. Mteueni mmoja awe msimamizi wa watoto na mwingine wa fedha, na mkubaliane saa ya kurudi kabla matatu hazijapandisha nauli za jioni.

Anayeingia ndiye atakayelinda

Hata kwa ada ya raia, baba mwenye watoto wanne anayelipwa kwa siku anaweza kutumia ujira wa siku kadhaa langoni. Naamini hili linapaswa kubadilika. Siku moja kila mwezi itengwe kwa wakazi wa mitaa inayopakana na mbuga na misitu, kwa ada ya shilingi chache au bure, na mabasi yatoke Olympic, Laini Saba na mwisho wa 46. Shirika la Wanyamapori halitapoteza fedha nyingi, kwa kuwa watu hao hawalipi sasa kwa sababu hawaji. Litapata kitu ambacho limekuwa likikikosa.

Reli ya SGR ilipopangwa kukatiza mbuga, wanaharakati walipinga mahakamani na barabarani. Walikuwa wachache. Daraja la takriban kilomita sita likajengwa juu ya nguzo ndani ya mbuga, na tangu Oktoba 2019 treni hupita juu ya twiga. Mtu anaweza kukubali au kukataa kwamba njia hiyo ilikuwa ya lazima, lakini hakuna awezaye kusema kwamba majirani wa Kibera waliulizwa. Wangejibu nini hata wangeulizwa, kuhusu mahali ambapo hawajawahi kuingia? Karura iliokolewa na watu walioujua msitu wao kwa miguu. Ardhi ya Wanubi, Msitu wa Ngong, bwawa na nyanda za Kitengela vyote vilimegwa kwa njia moja, kipande baada ya kipande, na walioishi karibu hawakuwa na sauti mezani.

Kwa hiyo msomaji, anza na kilicho karibu. Kama uko Kibera, kusanya watu kumi mwende Safari Walk mwezi ujao. Kama uko Kawangware, peleka watoto Ondiri wakaone mto wao ukiwa bado safi. Andika majina, changisheni nauli, wekeni tarehe. Mkirudi, mfike pia kwenye mikutano ya hadhara ambapo mipango ya mbuga, misitu na mito hujadiliwa, na mseme mliyoyaona. Katiba inampa kila Mkenya haki ya mazingira safi na ya kushirikishwa, na haki hiyo ina uzito zaidi mdomoni mwa mtu aliyekwisha kufika mwenyewe.